Presha Haipigi Hodi: Somo kwa Wakazi na Wanafunzi wa Udaktari, Kibera na Kawangware

Wanafunzi wa udaktari wanaojifunza katika hospitali za Nairobi hukutana na mgonjwa wa kiharusi mapema. Hufundishwa kusoma picha ya ubongo, kupima nguvu za mkono na mguu, na kuchagua dawa. Lakini lipo swali moja ambalo picha ya ubongo haiwezi kulijibu: mgonjwa huyu alikuwa wapi miaka kumi iliyopita?

Mara nyingi alikuwa mtaani, akifanya kazi zake kama kawaida, huku presha yake ikipanda bila yeye kujua. Hakuwa na maumivu ya kumpeleka hospitali, na hakuna aliyempima. Alipofika wodini, kazi iliyobaki ilikuwa kuokoa kilichosalia.

Madaktari na wanafunzi wao wanapojadili changamoto za tiba ya kisasa, hutaja uhaba wa wahudumu, bei ya dawa, mashine na bima. Presha, yaani shinikizo la juu la damu, inazikusanya changamoto hizo zote katika mwili wa mtu mmoja. Somo hili linatumia ugonjwa huo kuonyesha jambo moja: kumtambua mgonjwa na kumwandikia dawa ni kazi ya siku moja, lakini kumfuata mwezi baada ya mwezi ndiko kunakookoa maisha.

UGONJWA USIO NA KELELE

Moyo unaposukuma damu, damu hiyo hukandamiza kuta za mishipa. Kipimo husomwa kwa namba mbili. Namba ya juu ni nguvu ya damu moyo unapojikaza, na ya chini ni nguvu hiyo moyo unapolegea. Kipimo kikirudi 140 kwa 90 au zaidi, kwa siku tofauti, mtu huhesabiwa kuwa na presha.

Watu wengi wenye presha hawahisi chochote. Wengine hungoja kichwa kiume au moyo uende mbio ndipo waamini ni wagonjwa, ilhali mishipa ya ubongo, moyo, figo na macho inaweza kuharibika kwa miaka mingi kimyakimya.

Utafiti wa kitaifa wa mwaka wa 2015 ulionyesha kuwa takriban mtu mzima 1 kati ya 4 nchini Kenya alikuwa na presha ya juu. Zaidi ya nusu ya watu wazima hawakuwa wamewahi kupimwa maishani. Katika utafiti uliofanywa Kibera na kuchapishwa mwaka wa 2014, ni takriban mtu 1 kati ya 5 wenye presha aliyejua kuwa anayo. Mwaka mmoja kabla, utafiti mwingine wa Kibera ulikadiria kuwa takriban watu wazima 5 kati ya 100 walikuwa na kisukari, ugonjwa unaotembea pamoja na presha mara nyingi.

Takwimu hizi zinavunja dhana kwamba presha na kisukari ni magonjwa ya matajiri. Mtaa wa mapato ya chini unabeba mizigo miwili kwa pamoja: magonjwa ya kuambukiza kama kifua kikuu na homa ya matumbo, na haya ya muda mrefu.

MGONJWA WA MFANO

Ili somo lieleweke, tumia mfano huu wa kufundishia. Si kisa cha mtu halisi.

Mama mwenye umri wa miaka 48 anauza mboga karibu na kituo cha matatu cha Kawangware 46. Huamka saa kumi usiku kwenda sokoni na kufunga kibanda saa mbili usiku. Kichwa kikimsumbua, hununua vidonge vya maumivu kwenye duka la dawa lililo jirani.

Siku moja anapata kizunguzungu na kwenda kituo cha afya. Anapimwa na kukutwa na 170 kwa 105. Afisa wa kliniki anampa dawa za mwezi mmoja na kumwambia arudi zikiisha. Baada ya wiki tatu anajisikia vizuri. Dawa zinapoisha, siku ya kurudi inaangukia siku ya mzigo sokoni. Anasema ataenda wiki ijayo. Wiki hiyo kodi ya nyumba inadaiwa, na mwezi unaofuata kuna msiba nyumbani mashambani.

Miaka mitatu baadaye anaamka mkono wa kulia hauna nguvu na maneno hayatoki sawasawa. Jirani anasema apumzike kwanza, pengine ni uchovu. Anafika hospitalini jioni.

Mwanafunzi akiulizwa kosa liko wapi, ni rahisi aseme, "Mgonjwa aliacha dawa." Jibu hilo ni kweli, lakini halitoshi. Ukihesabu vizuri, mama huyu alipita milango minne, na katika kila mlango palikuwa na nafasi ya kumwokoa.

Mlango wa kwanza ni duka la dawa. Aliuziwa vidonge vya maumivu mara nyingi bila mtu kumpima. Baadhi ya dawa hizo, kama diklofenaki na ibuprofeni, zikitumiwa kwa muda mrefu zinaweza kupandisha presha.

Mlango wa pili ni siku ya kwanza kituoni. Alipewa dawa, lakini hakuelezwa kwa lugha yake kwamba kujisikia vizuri si kupona, na kwamba dawa ya presha kwa kawaida ni ya muda mrefu, mara nyingi ya maisha.

Mlango wa tatu ni mwezi wa pili. Hakurudi, na hakuna aliyegundua kwamba hakurudi.

Mlango wa nne ni asubuhi ya kiharusi. Saa zilizopotea nyumbani zilikuwa za thamani kuliko dawa yoyote aliyopewa baadaye.

KIBERA ILIKWISHA KUONYESHA NJIA

Mlango wa tatu ndio mgumu zaidi. Je, kituo chenye foleni ndefu kitawezaje kumfuata kila mgonjwa asiyerudi? Jibu moja lilijaribiwa Kibera.

Shirika la Madaktari Wasio na Mipaka (MSF) lilifanya kazi Kibera kwa takriban miaka 20 kuanzia mwaka wa 1997. Mwanzoni mwa miaka ya 2000, VVU ndiyo iliyokuwa vita kubwa. Dawa za kupunguza makali zilipoanza kutolewa bila malipo, VVU iligeuka kutoka ugonjwa wa kuua haraka na kuwa ugonjwa wa kuishi nao. Hapo vituo vililazimika kujifunza jambo ambalo havikuwa vimezoea, yaani kumhudumia mtu yuleyule kwa miaka mingi: kuweka rejista, kumpa tarehe ya kurudi, kumtafuta asipofika, na kumtia moyo asichoke.

Baadaye wahudumu wakaona kuwa mgonjwa wa presha na wa kisukari anahitaji mambo hayohayo. Kati ya Agosti 2013 na Agosti 2014, kliniki ya MSF Kibera iliwaweka wagonjwa 1,432 ambao hali zao zilikuwa zimetulia katika vikundi 47. Wengi walikuwa wanaishi na VVU, na karibu 3 kati ya 10 walikuwa na presha au kisukari. Wote walikaa kikundi kimoja.

Utaratibu wake ulikuwa mwepesi. Watu 25 hadi 35 walikutana na muuguzi kila baada ya miezi mitatu. Kila mmoja alipimwa presha na uzani na kuulizwa kuhusu dalili za hatari. Dawa zilikuwa zimefungwa tayari kwa jina lake, kwa hivyo hakupanga foleni mara mbili. Aliyeonekana kuwa na tatizo alipelekwa kwa afisa wa kliniki siku hiyohiyo. Waliotulia walirudi kazini mapema, na daktari akapata muda wa kuwaona walio wagonjwa zaidi. Ni wachache sana waliopotea bila kujulikana walipo.

Faida nyingine ilikuwa heshima. Kikundi kikichanganya watu wa presha, kisukari na VVU, anayepita nje hawezi kujua nani anaugua nini. Katika mtaa ambamo nyumba zimepakana ukuta kwa ukuta, jambo hilo lina uzito.

Mwaka wa 2017 MSF ilikabidhi huduma zake za Kibera kwa serikali. Somo lililobaki ni kwamba kazi hiyo haikuhitaji jengo jipya wala mashine ya mamilioni. Ilihitaji rejista inayosomwa, muuguzi aliyepewa mamlaka ya kutosha, na dawa zisizokatika.

MASHINE KUBWA NA MASHINE NDOGO

Tiba ya kisasa huonekana kwa mashine, na mashine zinahitajika. Bila picha ya ubongo, daktari hawezi kujua kama kiharusi kimetokana na mshipa ulioziba au uliopasuka, na matibabu ya hali hizo mbili ni tofauti kabisa.

Hata hivyo, Kenya imejifunza kwamba mashine peke yake haitibu. Mwaka wa 2015 serikali ya kitaifa ilianzisha mpango wa kukodisha vifaa vya matibabu kwa hospitali 98, mbili katika kila kaunti pamoja na hospitali nne za kitaifa. Kamati ya Seneti iliyochunguza mpango huo ilieleza mwaka wa 2020 kuwa baadhi ya vifaa vilikuwa vimekaa bila kutumika, kwa kukosa wataalamu, umeme, maji au vyumba vya kuviweka.

Linganisha na mfuko wa mhudumu wa afya ya jamii. Mnamo Septemba 2023 serikali ilizindua mpango wa kuwapa wahudumu wapatao 100,000 kote nchini vifaa vya kazi, vikiwemo mashine ya kupima presha, kipima sukari, kipimajoto, mizani na simu ya kuhifadhi kumbukumbu. Kila mhudumu hutarajiwa kuhudumia takriban nyumba 100.

Mashine hiyo ndogo ina nguvu kwa sababu ya anayeibeba. Mhudumu anaishi katika ploti za Gatwekera, Makina, Gatina au Kabiro. Anajua kibanda cha mama mboga kiko wapi, na anajua aliyesafiri na aliyehama. Kwake, mgonjwa asiyerudi kliniki si jina tu kwenye rejista. Ni jirani ambaye hajaonekana wiki hii.

Kwa mwanafunzi wa udaktari, huyu ni mwenzake wa kazi. Chuo Kikuu cha Moi mjini Eldoret kimejulikana kwa muda mrefu kwa kuwapeleka wanafunzi wake wa udaktari kuishi na kujifunza katika jamii kama sehemu ya masomo yao. Wazo lake ni rahisi: anayetaka kuelewa ugonjwa auone unapoishi.

PESA, KAZI NA UVUMILIVU

Dawa za kawaida za presha si za bei ya juu sana, lakini ni za kila mwezi, na mwenye kipato cha kila siku hupanga matumizi yake siku kwa siku. Hapa ndipo bima inapoingia.

Tangu Oktoba 1, 2024, Mamlaka ya Afya ya Jamii (SHA) imechukua nafasi ya NHIF. Mchango ni asilimia 2.75 ya mapato, na kiwango cha chini ni Sh300 kwa mwezi. Wakazi wengi hawajui tofauti moja muhimu. Huduma za msingi katika zahanati na vituo vya afya hugharamiwa na hazina ya afya ya msingi, ambayo hupata fedha kutoka kwa serikali. Mkazi anahitaji kuwa amejisajili. Matibabu ya hospitali kubwa, kulazwa na upasuaji, yanahitaji mchango uliolipwa.

Ugumu uliopo ni kwamba walio nje ya ajira rasmi hutakiwa kulipa mchango wa mwaka. Kwa anayepata pesa yake kwa siku, kukusanya Sh3,600 kwa mkupuo ni kazi. Vyama vya akiba vya mtaani vinaweza kusaidia hapa, kila mwanachama akitenga kidogo kila wiki kwa ajili ya bima badala ya kusubiri siku ya ugonjwa.

Upande wa pili wa pesa ni wahudumu wenyewe. Mwaka wa 2024 madaktari nchini waligoma kwa siku 56, kuanzia Machi 14 hadi Mei 8. Malipo ya madaktari wanagenzi, ambao wamemaliza chuo na wako katika mwaka wao wa mafunzo kazini, yalikuwa kiini cha mzozo. Mwanagenzi ndiye mara nyingi humpokea mgonjwa usiku, huandika faili yake na kukesha naye. Kwa mgonjwa wa presha, siku 56 ni karibu pakiti mbili za dawa za mwezi. Huduma ikikatika, anayeumia kwanza ni yule aliyekuwa ameanza kuzoea kurudi. Ndiyo maana mazungumzo ya mapema kati ya waajiri na wahudumu ni sehemu ya tiba pia.

MAZUNGUMZO YA DAKIKA TANO

Foleni ikiwa ndefu, mgonjwa anaweza kupata dakika tano tu. Dakika hizo zinaweza kupotea au kutumika vizuri. Linganisha namna mbili za kuuliza.

Ya kwanza:
"Mama, dawa unameza vizuri?"
"Ndiyo, daktari."

Ya pili:
"Mama, shikamoo. Dawa za mwezi uliopita ziliisha siku gani?"
"Ziliisha wiki mbili zilizopita, daktari."
"Pole. Ni nini kilifanya iwe vigumu kuja?"
"Ilikuwa siku ya mzigo. Nikikosa sokoni, watoto hawali."
"Basi tutafute siku isiyo ya mzigo."

Swali la kwanza linamwalika mgonjwa ampendeze daktari. La pili linampa ruhusa ya kusema ukweli bila kuaibika, na linampa daktari kitu cha kurekebisha. Hakuna mashine iliyotumika, na muda ulioongezeka ni mdogo sana.

Mgonjwa naye ana wajibu wake. Daktari hawezi kutibu asichoambiwa. Kama dawa inakusumbua, kama unatumia mitishamba, au kama ulimpa jirani vidonge vyako, sema. Kuna dawa zaidi ya moja za presha, na inayokukataa inaweza kubadilishwa.

MKAZI AFANYE NINI

Pima presha angalau mara moja kwa mwaka ukiwa mtu mzima, hata kama hujisikii mgonjwa. Mwombe mhudumu wa afya ya jamii anayetembelea ploti yenu, au nenda kituo kilicho karibu. Kibera kuna Kituo cha Afya cha Kibera South na cha Lang'ata, na wakazi wa Kawangware wana Kituo cha Afya cha Riruta. Hospitali za Mbagathi na Mutuini hupokea wanaohitaji huduma zaidi.

Keti utulie dakika tano kabla ya kupimwa. Usipimwe mara tu baada ya kupanda mlima, kuvuta sigara au kunywa kahawa. Kipimo kimoja cha juu hakitoshi. Rudia siku nyingine.

Andika namba zako na uhifadhi kijitabu chako cha kliniki. Ukisafiri mashambani, kibebe pamoja na dawa za kutosha.

Usiache dawa kwa sababu umepata nafuu. Nafuu hiyo mara nyingi ni kazi ya dawa.

Punguza chumvi. Shirika la Afya Duniani linashauri isizidi gramu 5 kwa siku kwa mtu mzima, sawa na kijiko kimoja cha chai. Kumbuka chumvi iliyofichika katika soseji, chipsi, krispi na viungo vya mchuzi vya pakiti.

Zijue dalili za kiharusi: uso kupinda upande mmoja, mkono au mguu kuishiwa nguvu ghafla, na maneno kutotoka sawasawa. Ukiona hata moja, usimlaze mtu apumzike. Mpelekeni hospitali mara moja na mkumbuke saa dalili zilipoanza, kwa kuwa daktari ataiuliza. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema hakuna mtu atakayenyimwa matibabu ya dharura.

MASWALI YA KUJADILI

Kwa vikundi vya wakazi:
1. Katika ploti yenu, ni watu wazima wangapi wanaojua namba zao za presha?
2. Mhudumu wa afya ya jamii anayehudumia nyumba zenu ni nani, na alipita lini mara ya mwisho?
3. Mtu akiamka na dalili za kiharusi saa nane usiku, nani ana gari au namba ya dereva anayeweza kufika kwenye njia zenu?

Kwa wanafunzi wa udaktari na uuguzi:
4. Chagua mlango mmoja kati ya minne ya mgonjwa wa mfano. Kama ungekuwa na muuguzi mmoja, rejista moja na simu moja, ungeufungaje usipitishe mgonjwa mwingine?
5. Ni wagonjwa gani wa kliniki yako wanaoweza kuhudumiwa kwa vikundi kama vile vya Kibera, na ni nani hawafai kuwekwa humo?
6. Wagonjwa wako waliotakiwa kurudi mwezi uliopita ni wangapi, na ni wangapi hawakuja? Kama hujui, anza na hesabu hiyo.